“Ndiyo” isiyo na jina

Siku tozo ya miamala ya simu ilipopitishwa kuwa sheria, mbunge wangu alisema ndiyo au alisema siyo? Swali hili ninalo tangu Julai 2021. Nimelitafutia jibu kwenye tovuti ya Bunge, kwenye magazeti ya wakati ule na kwenye kurasa za Hansard, yaani taarifa rasmi za vikao vya Bunge, nilizochapisha kwa jirani yangu wa steshenari, na sasa najua kwamba jibu halipo. Hakuna aliyelificha. Halikuandikwa tu, kwa sababu Bunge letu linapopitisha sheria haliulizi mbunge mmoja mmoja. Unaulizwa ukumbi mzima, ukumbi unajibu kwa pamoja, aliyekalia kiti anasikiliza upande upi una sauti kubwa, na sheria imepita.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Kibanda changu kipo Tandika, jirani na soko, ingawa kura yangu naipigia jimbo jingine la hapa Dar es Salaam, ninakoishi. Simtaji mbunge wangu, maana ninayoyasema yanamhusu yeye, na mwenzake wa jimbo la pili, na wa lile la tatu.

Makato yale yalipoanza tarehe 15 Julai 2021, watu hawakupanda basi kwenda Dodoma kulalamika. Walikuja kwangu. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea kiasi, na hiyo ni juu ya makato ya kampuni ya simu. Unakatwa ukituma, na uliyemtumia akienda kutoa anakatwa tena. Mama mmoja anayeuza dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anamtumia mwanae hela ya shule kila mwisho wa mwezi. Aliposoma ujumbe kwenye simu yake aliniangalia usoni akasema, “Dada, na wewe umeanza?” Nilimwonyesha karatasi ya viwango niliyoibandika ukutani. Hakuisoma. Kwake yeye aliyempunguzia hela ni yule aliyeshika simu mbele yake. Wapo walioamua kurudi kwenye mtindo wa zamani wa kumpa kondakta bahasha pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Kamisheni yangu ikashuka, lakini kilichoniuma zaidi ni kuonekana mwizi kwa jambo nililolisikia redioni kama wao.

Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti, ikaingia kodi ya jengo kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, shilingi 5,000 kwa kila ghorofa kwenye nyumba za ghorofa. Kwa nyumba zetu za vyumba vya kupanga, ambako watu wanachangia mita, maana yake ni kwamba mpangaji anayenunua umeme ndiye analipa kodi ya nyumba isiyo yake. Ugomvi niliousikia uani kwetu mwezi ule sitaki kuukumbuka.

Tozo na kodi ya LUKU vilitoka mlango mmoja, Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, iliyopitishwa Juni katika Bunge la Bajeti. Ndipo nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mwezi Juni Bunge hufanya maamuzi mawili ambayo sisi huku mtaani tunayachanganya. Lipo la kupitisha bajeti yenyewe, na lipo la kupitisha Muswada wa Sheria ya Fedha. Bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina. Makatibu walioko mezani wanamwita mbunge mmoja baada ya mwingine, naye anajibu mbele ya wenzake: ndiyo, au hapana, au hana uamuzi. Hansard inachapa orodha nzima. Unaweza kuweka kidole kwenye jina la mbunge wako ukaona alisema nini, au kama hakuwemo ukumbini. Uzito huo una sababu: Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mbunge anayesema hapana siku ile anajua anagusa nini, kiti chake mwenyewe kikiwemo.

Lakini bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi. Kinachoingia kwenye simu ya muuza dagaa na kutoa hela ni Sheria ya Fedha, na hiyo huja siku chache baadaye, watu wakiwa wameshachoka. Ile ya 2021 iliingiza kifungu kipya kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na tozo ikazaliwa humo. Ukisoma Hansard za miswada utaona zote zina mwendo mmoja. Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, Katibu anataja ibara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini ya kila fungu kuna sentensi ile ile kwamba ibara iliyotajwa imeafikiwa. Kisha, “Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.” Muswada umesomwa mara ya tatu, umepita. Nani aliafiki? Bunge. Nani hakuafiki? Hakuna pa kumwona.

Hili linanisumbua kwa namna ambayo mtu wa kazi yangu ataielewa. Mteja akija kutoa shilingi 5,000, simu yenyewe inaweka muda, namba na jina, na mimi naandika kwenye daftari. Kesho likizuka lolote, ipo kumbukumbu ya nani alifanya nini na saa ngapi. Sheria iliyokata mamilioni ya miamala ya namna hiyo ilipita bila jina la hata mmoja wa waliosema ndiyo.

Kingine ambacho sikukijua: viwango vyenyewe vya tozo vilitangazwa kwenye kanuni za Waziri wa Fedha. Bunge lilitoa mamlaka, Waziri akaweka namba. Ndiyo maana kelele zilipozidi na Rais akaagiza jambo liangaliwe upya, punguzo la asilimia 30 la Septemba 2021 lilikuja bila muswada kurudi Dodoma. Wateja wangu walifurahi, na mimi nilifurahi. Ila ukikaa ukafikiri, unaona mbunge alikosekana mara mbili katika safari ile: wakati wa kuweka, jina lake halikuandikwa, na wakati wa kupunguza hakuhitajika. Juni 2023 tozo kwenye kutuma pesa ikapendekezwa kufutwa kabisa, na nakumbuka wabunge wakipiga makofi. Najiuliza ni wangapi kati ya waliopiga makofi walisema “ndiyo” kwa sauti miaka miwili nyuma yake. Serikali ilisema tozo imejenga vituo vya afya na madarasa, na mimi sipingi kwamba vinahitajika. Mbunge aliyeona vinastahili kujengwa kwa hela ile angeweza kutuambia hivyo kwa jina lake, tukabishana naye.

Mwezi huo huo wa Juni 2023 una mfano mkubwa zaidi, na huu ni wetu hasa watu wa Dar es Salaam kwa sababu ni bandari yetu. Tarehe 10, siku ya Jumamosi, Bunge lilipitisha azimio la kuridhia mkataba kati ya Tanzania na Dubai kuhusu uendelezaji wa bandari, mkataba uliokuwa umesainiwa Oktoba 2022. Nchi nzima ilikuwa inabishana. Pale sokoni wachukuzi walibishana, madereva wa malori wanaokuja kutoa hela kwangu walibishana, mashekhe na mapadri waliingia. Hoja ikaamuliwa kwa sauti. Siku chache baadaye, ukumbi ule ule, wabunge wale wale, waliitwa majina mmoja mmoja kwa ajili ya bajeti ya shilingi trilioni 44.39. Basi mjukuu wangu akitaka kujua siku moja nani aliunga mkono bajeti ya 2023/24, atapata orodha. Akitaka kujua nani aliunga mkono mkataba wa bandari, itabidi asome hotuba moja moja za waliopata nafasi ya kuchangia, na wale ambao hawakusimama hatawajua kamwe. Oktoba mwaka ule mikataba ya utekelezaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ilisainiwa, ya miaka 30 kwa gati namba 4 hadi 7. Miaka 30 ni mingi kuliko umri wa ubunge wa karibu kila aliyekuwamo mle.

Nafahamu hoja ya upande wa pili, na nimeisikia kutoka kwa mtu mzima ninayemheshimu, mwenyekiti mstaafu wa mtaa. Aliniambia, “Mwanangu, mbunge akiandikwa jina kwa kila kura, chama kitamshika shingo.” Hofu hiyo ina msingi, na tuliiona kwa macho mwaka 2014 kwenye Bunge Maalum la Katiba, lililopitisha Katiba Inayopendekezwa. Kule ugomvi wa kura ya wazi au ya siri ulikula muda mrefu, mwisho ikaamuliwa kila mjumbe achague mwenyewe. Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alichagua kura ya wazi na akazikataa baadhi ya ibara, jina lake likisikika. Siku chache baadaye Rais wa Zanzibar akatengua uteuzi wake.

Mwenyekiti anautumia mfano huo kunionyesha hatari. Mimi naona kitu kingine ndani yake. Miaka mingi imepita, Katiba Inayopendekezwa haijafika kwenye kura ya maoni iliyokuwa imepangwa Aprili 2015, lakini mpaka leo Mtanzania yeyote anaweza kusema yule mtu alisimama wapi. Mwaka 2021 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na aliingia na kumbukumbu hiyo. Waliopiga kura ya siri siku ile, waliokubali na waliokataa, wote wamebaki bila sura. Kura ya siri ni ya kwangu mimi mpiga kura, ili tajiri au polisi asinitishe. Mbunge anapiga kura kwa niaba yangu. Akiifanya siri, mimi ananificha nini?

Kwa kuwa kura hazina majina, watu tunaotaka kumpima mbunge tunabaki na shughuli zake nyingine. Hapa pana utajiri kuliko nilivyodhani, lakini pana mitego pia. Tovuti ya Bunge imekuwa na ukurasa wa kila mbunge unaoonyesha maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango. Mtu anahesabu, anasema fulani ameuliza mengi, fulani kimya. Hesabu hiyo peke yake mimi siiamini. Swali la msingi linaandikwa na kupelekwa mapema, na Waziri anakuja na jibu lililoandaliwa na wataalamu wake: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, itajengwa kwa kadri fedha zitakavyopatikana. Kazi ya mbunge inaonekana kwenye yale mawili ya nyongeza yanayofuata papo hapo. Je, amesikiliza jibu akalibana, au amesoma kitu kingine alichokuja nacho mfukoni? Halafu nenda mkutano wa Bunge unaofuata uone kama amelirudia swali lake. Mbunge aliyeuliza barabara moja mara nne mpaka tarehe ya mkandarasi ikatajwa, huyo nampa heshima kuliko aliyeuliza barabara nne mara moja moja.

Kuna na ile wanayoita kushika shilingi. Wakati wa bajeti ya wizara, Kamati ya Matumizi inapofika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kusema bila maelezo ya kutosha ataondoa shilingi kwenye mshahara huo. Ukumbi unachangamka, wenzake wanasimama kumuunga mkono. Wapiga kura wengi wanaikumbuka dakika hiyo tu, kipande kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mbunge wetu simba. Mimi huwa natafuta mstari unaofuata. Mara nyingi sana Waziri akishasimama na kuahidi, mbunge anasema anarudisha shilingi. Alirudisha kwa ahadi gani? Ilikuwa na tarehe? Hicho ndicho kipimo, na kiko kwenye Hansard neno kwa neno.

Na ile sentensi ya “naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.” Sijui niliikuta mara ngapi. Mbunge anaanza nayo kabla hajasema lolote, kisha dakika zake zote anaeleza kwa uchungu maji hakuna, zahanati haina dawa, daraja limekatika, kengele inalia, anakaa. Ukichukua sauti yake alipinga. Ukichukua kumbukumbu aliafiki. Nilipokuwa nasoma nilikuwa napigia mstari kwa kalamu nyekundu, na mwisho nikaacha.

Afadhali kwangu ni yule mwenye jedwali la marekebisho. Muswada unapofika ibara kwa ibara, mbunge anaweza kuleta mapendekezo yake kwa maandishi: ibara hii neno hili liondoke, liingie hili. Ni kazi ya kukaa na sheria usiku, haina makofi, na haitazunguka WhatsApp. Wengi wanashindwa, mapendekezo yanakataliwa kwa sauti ile ile. Lakini jina lake limeandikwa kwenye jedwali, na ibara aliyotaka kuibadilisha imeandikwa. Mtu aliyeshindwa namna hiyo ana kumbukumbu bora kuliko mia waliosema ndiyo. Zitto Kabwe, wakati ule mbunge wa upinzani, alishindwa Agosti 2007 alipoleta hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, tena akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto mwenyewe akawekwa ndani yake.

Mahudhurio nayo yasomwe kwa uangalifu. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza kiti. Ni kifungu kizuri kwa mtoro. Lakini ni kifungu hicho hicho kilichotajwa Juni 2019 Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, alipovuliwa ubunge, na kila mtu alijua alikuwa nje ya nchi kwenye matibabu baada ya kupigwa risasi hapo Dodoma Septemba 2017. Ukiona “hayupo” kwenye orodha, tafuta alikuwa wapi.

Zamani tulikuwa na msaada mmoja mkubwa, macho. Novemba 2014, sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, mgahawa unaotazamana na kibanda changu ulijaa watu mpaka usiku wakiangalia Bunge kwenye televisheni. Wabeba mizigo, mama lishe, vijana wa bodaboda, wote walijua PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, ni nini na zile zaidi ya shilingi bilioni 300 zilipita benki gani. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja. Siku hizi vikao vinapatikana tena mtandaoni, ila ni lazima uwe na bando, na uwe na saa nne za mchana za kukaa bila kazi. Watu wa Tandika hawana saa hizo. Kwa hiyo orodha ya majina kwenye karatasi moja ingetufaa sisi kuliko mtu mwingine yeyote: inasomeka kwa dakika mbili, inabandikwa ukutani.

Badala yake tunampima mbunge kwa misiba aliyohudhuria, jezi alizogawa, mabati aliyotoa kwa shule. Nawaelewa watu, kwa sababu jezi inaonekana. Lakini jezi angeweza kuitoa diwani, mfanyabiashara, hata mimi nikijinyima. Kazi ambayo mimi siwezi kuifanya na diwani hawezi ni kukaa mle ndani siku sheria inapopita na kusema ndiyo au siyo. Mwaka 2023 saruji iliongezewa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na lita ya mafuta shilingi 100. Mtu anayejenga kidogo kidogo kule Chanika au Kivule amelipia jezi zile zote kwa mifuko yake ya saruji.

Nimemwandikia mbunge wangu barua, nimeipeleka ofisi yake ya jimbo kwa mkono na kuomba nakala igongwe muhuri. Nimemwomba mambo mawili. La kwanza, apeleke hoja Kanuni za Kudumu za Bunge ziguswe, ili Muswada wa Sheria ya Fedha na azimio lolote la kuridhia mkataba vipigiwe kura kwa kuita majina kama bajeti. Hilo linahitaji wenzake, na najua halitakuja kesho. La pili halihitaji mtu mwingine. Juni ijayo akipewa dakika zake kuchangia Muswada wa Sheria ya Fedha, ataje namba za ibara zinazogusa miamala, umeme na saruji, na kwa kila moja aseme kwenye kipaza sauti kama anaikubali au anaikataa. Akikosa nafasi ya kusimama, achangie kwa maandishi, kwani na hiyo inachapwa. Nimemwambia nitazichukua kurasa hizo zikitoka, na nitazibandika pale pale nilipobandika karatasi ya viwango.